Wa Mwisho Kutoka Majini

Dada yangu hakuwahi kutoka majini kabla ya mwanamke mwingine yeyote. Nikisema hivi watu hudhani nasimulia habari za kuogelea. Nasimulia kutanda, kazi ya wanawake wa kwetu, kusini mwa ghuba ya Tungue. Maji yakipwa mnaingia mpaka kiunoni na nguo kubwa iliyoshonwa kwa vipande vya kapulana kuukuu, zile nguo tunazojifunga. Wawili wanashika ncha za huku, wawili za kule, na waliobaki wanazunguka kwa mbali wakipiga maji kwa viganja ili dagaa na uduvi wakimbilie kwenye nguo. Kisha mnanyanyua kwa pamoja, mnamimina kwenye kikapu, mnasogea mbele.

Kila kundi lilikuwa na mkubwa wake, la kwetu alikuwa dada. Mkubwa ndiye aliyesema leo tunatanda huku na si kule, na ndiye aliyesema basi, inatosha. Akishasema basi, yeye hatoki. Anabaki amesimama majini mpaka mwanamke wa mwisho akanyage mchanga mkavu, ndipo anatoka. Samaki wanakuwa wamekwisha kumwagwa juu ya makuti, lakini hakuna mkono unaowagusa mpaka mkubwa afike, aketi, akamue kapulana yake. Hata kama una mtoto analia nyumbani. Hata kama mvua inanyesha. Tulikuta hivyo na tukafanya hivyo.

Sababu ipo, si ukaidi wa wazee. Kwetu maji yakianza kujaa hayakujii usoni. Yanapita nyuma yako, kwenye mkondo ulio kati yako na pwani, nawe bado umeinamia uduvi wako unacheka. Ukigeuka, njia uliyojia haipo. Shangazi yetu mmoja alikwenda hivyo, kabla sijazaliwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye hata akishika ncha ya nguo hainami, anayetazama, na ambaye hawezi kutoka akamwacha mtu.

Mimi nilikuwa nanung'unika. Ndiyo tabia yangu, mpaka leo hawajanikomesha. Nilikuwa nimekaa pale mchangani nimelowa, natetemeka, namwona dada amesimama mbali kama mti wa kufungia mashua, nawaambia wenzangu kwamba huyu anapenda kutazamwa. Walicheka. Yeye akifika alinipiga kibao chepesi kisogoni, akaketi, akakamua kapulana, ndipo tukagawana.

Alikuwa dada na alikuwa mama. Kati yake na mimi walizaliwa wawili, wakafa wote, halafu mama naye akafa mimi bado natambaa. Dada alinibeba mgongoni akiwa mwenyewe hajavunja ungo. Baadaye aliolewa, mume akavuka Ruvuma kwenda Mtwara kutafuta maisha, akayapata huko huko. Watoto hakujaliwa. Hakuwa mtu wa kulialia. Alisema yeye amekwisha kulea mmoja, tena mwenye mdomo wa watu watatu, inamtosha.

Gesi ilitukuta hivyo. Mwanzo zilikuwa taa tu, mbali baharini, usiku hazizimi. Kisha zikaja gari nyeupe, wakaja vijana wa kupima ardhi na fimbo zao, wakaja watu wa kuandika namba kwenye milango kwa rangi. Tukaitwa kwenye mkutano chini ya turubai, tukapewa chupa za maji ya kununua, sisi ambao visima vyetu tunavijua. Wakatuambia kijiji chetu kimeangukia mahali pa kiwanda. Tutahamishwa, tutajengewa nyumba za matofali, tutapewa mashamba mengine. Lini? Karibuni. Karibuni hiyo ilikuwa ndefu, watoto walizaliwa ndani yake wakaota meno.

Tena wakatukataza mambo. Tangu siku ile ya namba, nyumba mpya isijengwe, mnazi mpya usipandwe, kwa sababu hesabu imekwisha kufungwa. Ukitaka kurekebisha paa, rekebisha kidogo. Kidogo ndiyo nini? Paa la makuti linaezekwa upya kila baada ya miaka michache, haliombi ruhusa. Tulikaa tukitazama makuti yanavyoota ukungu, tukajiuliza kama inafaa kuhangaika na nyumba ambayo mwakani haipo. Na mwakani ikifika, tunajiuliza tena.

Ilipoundwa komite ya kuzungumza na kampuni, wanaume walijichagua wenyewe kwa wenyewe, kisha wakaambiwa lazima awepo mwanamke. Wanawake hawakukaa hata kujadiliana. Walimgeukia dada.

"Mie kusoma sijui," akamwambia mwenyekiti.

"Wee unajua kusubiri watu," mwanamke mmoja wa Quionga aliyeolewa kwetu akajibu kwa niaba ya mwenyekiti. "Inatosha."

Sitaki mtu adhani hakuiweza kazi ile. Aliiweza mno. Watu wa kampuni walizoea kuwaona wanaume wetu wakipiga kelele siku ya kwanza, siku ya pili wamenyamaza, siku ya tatu wanaomba kazi ya ulinzi. Dada hakupiga kelele. Alikuwa anauliza jambo moja kila mkutano, lile lile, mpaka lijibiwe. Bahari itakuwa mbali na kijiji kipya, wanawake watafikaje pwani? Wakasema watalitazama. Mkutano uliofuata akauliza tena. Wakasema limepokewa. Akauliza tena. Mwishowe likaahidiwa basi la kutupeleka ufukweni na kuturudisha, na basi lilikuja kweli, nimelipanda.

Aliwaza mbele kuliko sisi sote. Alituambia tuanze kukata vijiti vya mihogo yetu, ile mitamu isiyohitaji kulowekwa, tuvipeleke kwa jamaa zetu wa karibu na kijiji kipya vikapandwe huko, ili siku tukihama tusianze kula kwa kununua. Alipanga nani akae karibu na nani, mjuzi wa Kireno jirani na asiyejua, wazee karibu na bomba la maji. Wale wanne wa kushika ncha za nguo aliwaweka njia moja. Nilikuwa mmoja wao, na ncha yangu ilitazamana na yake, tangu nikiwa binti.

Kisha akapanga nani atangulie. Uhamaji ulikuwa wa mafungu, nyumba zikiisha fungu moja, watu wanakwenda, zinajengwa nyingine. Kwanza wenye watoto wachanga, wagonjwa, na wazee wenye watu wa kuwatunza. Kisha wenye familia kubwa. Mwisho waliobaki, wajane na wazee wapweke waliomtegemea yeye, na wa mwisho kabisa yeye mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Ungemwuliza mwanamke yeyote wa kijiji kile mkubwa anatoka lini, angekutazama kwa kukushangaa wewe.

Kampuni ilileta semina kwa ajili ya komite, kufundisha uongozi na mipango. Mimi nilimsindikiza dada kwa ajili ya wali na kuku, sifichi. Mwalimu alikuwa binti kutoka Maputo, mpole, anazungumza Kireno polepole na mkalimani wa Pemba, mji wetu wa mkoa, anatugeuzia. Alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa darasa la shule, akachora mishale. Akamwambia kila mmoja aeleze mpango wa watu wake. Wanaume wakaeleza mambo ya kuomba mashine za boti. Dada akaeleza mafungu yake.

Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakumdharau. Akasema mpango ni mzuri, una huruma, kisha akauliza, "Na kazi ikisimama katikati, itakuwaje kwa fungu la mwisho?"

Mkalimani akageuza. Dada akacheka, mkono mdomoni kama alivyozoea.

"Haisimami, sinyora. Wamekwisha kuanza, watamaliza. Huwezi kutoa nusu ya watu."

"Kuna miradi iliyosimama," binti akasema. "Bei inashuka, serikali inabadilika, vita vinatokea. Kiongozi lazima ajiulize, lisilotazamiwa likitokea, mimi niko wapi?"

"Mie niko nyuma," dada akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Binti aliandika swali lake kwa wino mwekundu, akalizungushia duara, akaendelea na wengine. Karatasi ilibaki ukutani mpaka msimu wa mvua ukaibandua. Nimemlaumu kila mtu katika mambo haya, lakini yule mwalimu simlaumu. Aliuliza sawasawa. Sisi ndio tuliojibu kwa maarifa ya majini, na majini yanafanya kazi kwa sababu maji yanajulikana. Yanapwa na kujaa, hayabadili mawazo ofisini.

Jina langu lilikuwa fungu la kwanza, kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Dada ndiye aliyeniweka. Nikamfuata jikoni kwake, yupo anamenya mihogo.

"Niweke fungu lako," nikamwambia. "Tuondoke pamoja."

"Una ntoto."

"Nitambeba. Wee ulinibeba mie."

"Ndiyo maana nakutoa mapema."

"Hunitoi, unanifukuza. Na komite wote wenzako wamejiweka kwanza, umewaona, mwenyekiti mpaka mbuzi wake wamo fungu la kwanza. Wee unapenda ukubwa kuliko unavyonipenda mie!"

Aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika, akaliweka pembeni kwa ajili ya mbuzi. Kisha akasema, "Nikitangulia mie, bibi wa nyumba ya pili atabaki na nani?" Bibi yule alikuwa kikongwe asiye na mtu, na dada ndiye aliyempikia. Maneno yangu yale sijayajutia. Nayasema hata leo nikiwa peke yangu, kwa sauti, na bado natamani angenijibu.

Siku ya kuhama lilikuja lori. Tulipakia vitanda, kuku, na mlango wa nyumba, kwa maana mlango wa mbao ya mkongo hauachwi. Mume wangu alikuwa anacheka na vijana wa kampuni, kila mtu anacheka siku hiyo, ilikuwa kama harusi. Dada alikuwa anazunguka lori anakagua kamba. Alimchukua mwanangu, akamnusa kisogo, akanirudishia.

"Nguo nabaki nayo," akasema. Alimaanisha nguo ya kutandia. "Nikija nakuja nayo."

Nikamwambia asipokuja nayo asije. Basi tukataniana hivyo, tukaachana.

Sitaongopa kuhusu kijiji kipya. Nilikipenda. Ukifungua bomba, maji yanatoka. Paa la bati halivuji, choo kina mlango, usiku kuna taa barabarani. Wiki ya kwanza nilikuwa nafagia saruji kwa raha tu, haina vumbi. Harufu ya bahari ndiyo iliyokosekana, na asubuhi nilikuwa naamka nikisikiliza kitu nisichokisikia.

Nyumba iliyogusana na yangu alipewa mwanamke wa Kimakonde kutoka uwanda wa juu, Mkristo, mumewe alikuwa fundi seremala kijijini kwetu. Bahari haikumhusu kabisa. Aliogopa hata kulowesha magoti. Alichotaka yeye ni shamba, na nyumba za fungu la mwisho ndizo zilizopangwa karibu na mashamba. Dada alikwisha kuzungumza naye kabla. Fungu la mwisho likihama, watabadilishana. Yeye atakwenda karibu na shamba, dada atakuja ukuta kwa ukuta na mimi. Ofisi ilikuwa imekubali.

Kwa hiyo yule jirani hakufungua vitu vyake vyote. Vyungu vilikaa kwenye marobota. Kila nyumba ilipanda mpapai mlangoni, yake haikupanda.

"Mpapai wa nini," alikuwa anasema. "Mie hapa napita tu. Mwenye nyumba anakuja."

Tulizoea kusema hivyo. Watoto wangu waliita nyumba ile kwa mama mkubwa ingawa bado anakaa mtu mwingine.

Fungu la pili likaja. Kisha habari za vita, ambazo zilikuwa mbali, zikaanza kuja karibu, kijiji baada ya kijiji. Barabara ya kusini ikafungwa. Mafundi wakapungua. Siku moja tukaona ndege zinachukua watu wa kampuni, na matofali ya nyumba za fungu la mwisho yakabaki yamepangwa, kuta zimefika madirishani. Tukaambiwa kazi imesimamishwa kwa muda.

Kule kwetu wakabaki waliobaki. Wamezungushiwa uzio wa kampuni, mashamba yao yamekwisha kulipiwa na si yao tena, makuti hayajaezekwa tangu siku ile ya namba. Mtandao ukikamata dada alinipigia, au nilimpigia mimi nikiwa nimepanda kwenye kichuguu nyuma ya shule. Alikuwa ananiuliza habari za mtoto kwanza, kisha jirani, kisha mihogo. Vijiti vyake vilikuwa vimekwisha kuwa shamba zima, tunakula sote. Nikamwambia hivyo akafurahi.

"Na nyie mnakula nini?" nikamwuliza.

"Tunatanda."

"Mko wangapi wa kushika ncha?"

"Tunashika tu."

Nilimwomba. Sikumwomba mara moja. Nikamwambia aje mikono mitupu, alale chumba cha watoto, njia ya miguu bado inapitika, wengine wanakuja. Ndipo akanieleza, na maelezo yake yalikuwa na akili, ndicho kinachoniuma. Alisema kampuni inasubiri kijiji kijiondokee chenyewe. Watu wakitawanyika, siku kazi ikirudi ofisi itasema hawa waliondoka kwa hiari, hawana nyumba wanayodai. Waliobaki ni wajane na wazee, wanaishi kwa kumtazama yeye.

"Nikitoka mie, kijiji kimetoka," akasema. "Nikiwa hapa, bado wana deni letu."

"Na wee? Wee unamdai nani?"

"Wee mdomo huo," akasema akicheka, simu ikakatika.

Kisha mji wa wilaya, ulio karibu na kijiji kipya, ukavamiwa. Sitaki kueleza siku zile, wako wengi wanaoweza. Watu walimiminika kijiji kipya kutoka mjini na kila upande, barazani kwangu hapakuwa na pa kuweka mguu. Dada, kule aliko, aliona haifai kukaa tena. Madai au si madai, akawatoa watu wake. Akawagawa kama alivyowagawa siku zote, wazee na mtu wa kuwashika mkono kwanza, wakipita kwenye mikoko maji yakiwa yamepwa, kisha wengine, kisha wengine.

Wa kwanza walifika mchana wamejaa tope mpaka mapajani. Nikamkimbilia bibi wa nyumba ya pili.

"Dada yuko wapi?"

"Yuko nyuma," akasema. "Anakuja."

Likafika kundi jingine. Yuko nyuma. Jioni likafika la mwisho, wanawake watatu, nikawauliza, wakaniambia vile vile, wamechoka tu, hawana wasiwasi. Yuko nyuma, anakuja. Nami sikuwa na wasiwasi! Nikapika ugali mwingi. Nikamtandikia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, na tulikuwa kijiji kizima pale barazani, watu tuliozaliwa tukimwona anatoka mwisho. Angekuwa mwanamke mwingine yeyote, tungeuliza mara mbili. Mimi mwenyewe ningerudi kumtafuta. Yeye kuwa nyuma hakukutisha mtu.

Kesho yake asubuhi ndipo nikawageukia wale watatu, nikawauliza sawasawa. Yupi alimwona mwisho? Alikuwa yule mwanamke wa Quionga.

"Alikuwa ameketi mlangoni kwake," akasema. "Nikamwambia twende. Akasema tangulia, nafunga nguo."

"Alikuwa amesimama?"

"Ameketi."

"Mbona ameketi?"

Ndipo akaanza kulia, kwa sababu na yeye wakati ule ule ndipo alipoliona. Dada hakuwa mtu wa kuketi watu wanapoondoka. Tulipokumbushana tukaelewa kwamba alikuwa na homa, siku nyingi, na alikuwa ameificha kwao na kwangu kwenye simu. Miguu haikuweza tope lile. Alijua hivyo alipokuwa anawapanga.

Siku kadhaa hakuna aliyeruhusiwa kupita. Mume wangu na wanaume wengine wawili walipofanikiwa kufika, walimkuta ndani, kitandani, amelala ubavu. Risasi haikumgusa wala mtu hakumgusa. Nguo ya kutandia ilikuwa imefungwa robota zuri, imewekwa karibu na mlango. Walimwosha wao wanaume, kwa kukosa mwanamke, wakamswalia wakiwa watatu, wakamzika nyuma ya nyumba yake kwa sababu makaburini hakufikiki. Mume wangu alirudi na robota begani. Akaliweka chini mbele yangu. Nikalipiga teke. Nililipiga teke mpaka likafunguka, na lilinuka chumvi na moshi wa jikoni kwake.

Nilimkasirikia kuliko nilivyomlilia. Nimemkasirikia muda mrefu. Nilikuwa nafua nguo nabishana naye. Ungeweza kutangulia mara moja tu, mara moja, mwenyekiti na mbuzi wake walitangulia na jua halikudondoka. Wajane walikuhitaji, haya, na mimi? Mimi nilikuwa mtu wa bure? Kisha namwona bibi wa nyumba ya pili anapita na fimbo yake, mzima, amekula, na najua kwa nini ni mzima. Siwezi kumtakia mabaya yule bibi. Ningemtakia ingekuwa rahisi zaidi.

Baadaye kulitulia kiasi. Basi likaanza kutembea tena, ofisi ikafunguliwa, wakaanza kuzungumza habari za kumalizia fungu la mwisho. Waliobaki katika fungu lile walikubaliwa kuwa bado wanadai, kwa kuwa kiongozi wao hakuwatoa mpaka siku ya uvamizi. Dada alikuwa sahihi. Walimsifu kwenye mkutano, shefe mmoja, mkubwa wa ofisi, aliinamisha kichwa kwa heshima, tukapewa chupa za maji. Kwenda kaburini ninahitaji kibali, kwa kuwa liko ndani ya uzio. Nimekwenda. Nikakuta nyumba imeanguka na mvua, na mihogo imejiotea juu ya kifusi.

Jirani yangu wa Kimakonde alikuwa bado hajafungua marobota yake. Asubuhi moja nikasikia jembe. Nikatoka. Alikuwa anachimba shimo mlangoni kwake, na mche wa mpapai uko pembeni kwenye kopo. Aliponiona akaacha, jembe mkononi, akawa anatazama chini.

"Nisipande?" akaniuliza.

Nikamwambia panda. Nikaingia ndani, nikajifungia, nikalia mpaka watoto wakagonga.

Ilipita miezi ndipo wanawake walipokuja kuniuliza kuhusu nguo. Hawakusema nani ashike nini. Waliniuliza tu kama nguo ipo, nikaitoa, nikashona palipochanika, basi likatupeleka ufukwe mwingine, si wetu, mchanga wake mweupe zaidi na mikoko michache. Hakuna aliyeujua mkondo wa pale. Tuliingia kwa woga, tukishikana. Nilishika ncha yangu. Ncha iliyonikabili ilishikwa na binti wa yule mwanamke wa Quionga, ana mikono yenye nguvu, anavuta haraka mno, nikamwambia vuta taratibu mwanangu. Uduvi ulikuwepo. Tulijaza kikapu, na mtu mmoja hata akaimba kidogo kisha akanyamaza. Maji yakaanza kubadilika rangi, mtu akasema basi, sijui nani, tukatoka wote kwa pamoja kama kondoo.

Tukamwaga samaki juu ya makuti, tukaketi kuwazunguka. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilidhani wamechoka. Jua lilikuwa kali, uduvi unaanza kukauka, dereva wa basi alipiga honi. Bado wamekaa. Nikawatazama, nikaona hawatazami samaki. Walikuwa wamegeuza nyuso baharini, wote, wazee na mabinti, wanatazama pale tulipotoka, na wengine nadhani hawakujua kwamba wanatazama. Honi ikalia tena. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye alikuja kukaa tu mchangani, akanigusa goti kwa fimbo yake.

Nilitaka kumwambia mimi siutaki ukubwa wenu. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunishinda, ulinishinda.

Nikasimama. Nikarudi majini na nguo zangu zilizokwisha kuanza kukauka, nikaenda mpaka kiunoni, nikageuka. Niliwaona wote wako nje, wote, nikahakikisha. Nikasimama pale peke yangu kitambo. Kisha nikatoka, nikaketi kati yao, nikakamua kapulana yangu, na mikono yao ikaenda kwenye samaki.